Unyuzi wa Waya wa Breki

Nyie vijana wa pikipiki mliokaa viti vya nyuma, leo mtanisaidia, maana mfano wangu ni wa kabureta, na wengi humu kabureta hawaijui zaidi ya kusikia fundi akiisingizia.

Palikuwa na mzee mmoja, mstaafu, aliyekuwa akisafisha kabureta kuukuu za pikipiki nyumbani kwake. Karakana hakuwa nayo. Alikuwa na meza barazani, makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa petroli, mswaki uliochakaa na pampu ya baiskeli. Watu walimletea kabureta zilizolala stoo miaka mingi hata zikaota ukungu wa kijani, naye alizirudisha zikiwa zinang'aa.

Ndani ya kabureta kuna kidude cha shaba, kidogo kama punje ya mahindi, chenye tundu jembamba sana katikati. Petroli hupitia hapo kwenda kwenye injini. Mafundi hukiita jeti. Petroli ikikaa muda mrefu bila kutumika huacha utomvu, tundu linaziba, na pikipiki haiwaki hata uipige teke mpaka goti likuume. Sasa mzee huyu alikuwa na sheria moja: jeti iliyoziba haichokolewi. Aliilowesha siku tatu, nne, hata wiki. Kisha aliipuliza kwa pampu, akaielekeza juani, akafumba jicho moja. Mwanga usipopita, aliirudisha kwenye kopo bila kinyongo, akaenda kulisha kuku wake. Mteja akimharakisha alimjibu, "Utomvu huu uliingia taratibu. Na utoke taratibu."

Jumanne moja mchana, binti yake aliingia uani na begi. Alikuwa ameolewa wilaya ya jirani mwaka uliotangulia. Amekonda, macho yamevimba, tena yuko peke yake. Mnajua wenyewe, binti aliyeolewa akija kwao na begi, bila taarifa na bila mume, majirani wanaelewa nini. Mzee naye akaelewa hivyo hivyo. Hata maji ya kunywa hakumpa.

"Umefukuzwa?"

Binti akasimama, begi bado mkononi.

"Nakuuliza wewe! Umefukuzwa au umekimbia? Nilisimama mbele za watu nikakutoa kwa heshima."

"Baba, nimekuja niwaambie..."

"Umefanya nini huko? Anzia hapo!"

Hakuanzia hapo wala pengine. Alifunga mdomo, akaingia chumba cha nyuma, akajilaza ameelekea ukutani. Mama yake alimpelekea uji, akambembeleza, akaambulia machozi. Mzee hakutulia. Akipita mlangoni asubuhi, "Bado hujasema?" Wakati wa chakula, "Tutakula na bubu mpaka lini?" Jumatano hivyo, Alhamisi hivyo, Ijumaa hivyo. Na lazima niwaambie ukweli, mzee huyu alimpenda mwanawe kupita kiasi. Aibu ilimchoma, hofu ikamla, na kwa sababu alimpenda akaona kunyamaza ni kushindwa kazi ya ubaba.

Jumamosi, mkwe wake akatokea barabarani anakokota pikipiki, jasho linamtiririka. Pikipiki ilikuwa ileile ambayo kabureta yake mzee aliifufua kwa mikono yake na kuwapa kama zawadi ya harusi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," mzee akajibu, kavu. Alikuwa na mengi ya kumwambia kijana yule, lakini mikono yake ilitaka kazi kwanza. Akaifungua kabureta hapo hapo, akatoa jeti, akaielekeza juani. Tundu lilikuwa limepanuka, limekwaruzwa upande mmoja.

"Nani ameingiza waya humu?"

"Ni mimi, baba. Iliziba njiani. Nikachomoa unyuzi mmoja wa waya wa breki, nikachokoa. Ikawaka kidogo, ikatoa moshi mweusi, ikazima moja kwa moja."

"Umeiua!" Mzee alikuwa karibu kulia. "Shaba ni laini, mwanangu. Unaichokoaje kwa chuma? Kitu kikiziba hakilazimishwi. Unakilowesha, unakaa, unangoja. Kwa nini hukungoja?"

"Nilikuwa na haraka ya kumwona mke wangu."

"Mke uliyemfukuza?"

Kijana akainua uso. "Nimfukuze? Kwani hajawaambia?"

"Atuambie nini?"

"Baba, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ya kwanza, tulikuwa hatujaitangaza. Ikaharibika. Tulimzika mtoto Jumapili iliyopita. Nilitaka kuwapigia simu, akanikataza. Alisema habari hii atawapa kwa kinywa chake, hasa wewe. Mimi nikabaki kuwapokea wageni waliokuja kutupa pole. Ndiyo sababu alitangulia peke yake."

Ndugu zangu, mwanamke yule alitoka makaburini, na siku mbili baadaye akapanda gari mpaka kwa baba yake akiwa na neno moja kinywani. Alifika nalo mpaka mlangoni. Nani aliyelirudisha ndani?

Mzee aliitazama tena ile jeti, ingawa hapakuwa na kitu kipya cha kuona. Akaiweka mezani. Akachukua kigoda, akaenda chumba cha nyuma, akaketi karibu na kitanda. Hakuuliza kitu. Hakusema hata pole, maana aliona pole inayotoka kwake siku ile ingekuwa waya mwingine. Binti hakugeuka. Jumapili mzee akaketi tena pale pale. Jumatatu akaletewa ugali akaula hapo hapo kigodani, kimya, kabureta za watu zikimngoja barazani. Jumanne, wiki nzima tangu begi liingie uani, binti akasema bila kugeuka:

"Baba, alikuwa wa kike. Nilitaka kumpa jina la mama yako."

Mzee akaangua kilio, na mwanawe ndiye aliyegeuka kumshika mkono.

Wapendwa, ile jeti haikupona. Shaba ikipanuka imepanuka. Mzee aliitupa, akamtafutia mkwe wake nyingine. Moyo wa binti ulipona, kwa sababu Mungu kwa huruma zake hakutuumba kwa shaba. Lakini mnadhani ule uchungu wa wiki moja ulifutika? Mnadhani hakuna nyumba ambamo neno lilirudishwa ndani na likazikwa na mwenye nalo?

Sisi si watu wasio na subira. Mahindi tunayapa miezi. Unga wa maandazi tunaufunika, tunaungoja uumuke, na mtoto akiufunua tunamfokea. Mzee yule aliipa kabureta ya mtu asiye ndugu yake wiki nzima kwenye kopo. Mwanawe alimpa muda gani? Hata begi hakuwa amelitua! Tunakuwa wapole kwa vitu, halafu tukifika kwa wale tunaowapenda tunachomoa waya, na waya huo tunauita wajibu, tunauita malezi, wengine tunathubutu kuuita maombi. Bwana wetu ametungoja sisi miaka mingapi, tumenyamaza, tumempa mgongo, yeye ameketi tu?

Nyumbani kwako yuko mmoja aliyenyamaza. Unamjua, tangu nilipotaja chumba cha nyuma umekuwa ukimfikiria yeye. Leo ukifika, usimuulize kitu. Chukua kigoda, ukae naye.