Kuku wa Akiki

Palikuwa na Sultani mmoja, Mzaume jina lake, aliyetaka mji mzima uamini kuwa kuku wake yu hai. Na kuku mwenyewe wa jiwe! Kachongwa kwa akiki nyekundu, anaenea kiganjani, kila unyoya unauona. Mabwana wakubwa wote wa mji ule walikuwa na ugonjwa huohuo. Tajiri Badi alikuwa na chura wa zumaridi, akimbusu mbele za watu. Mkewe, nasikia, mara ya mwisho kubusiwa ni siku ya harusi. Lakini hayo hayanihusu.

Basi mpishi wa kasri, Bi Sharwa, mjane asiye na mtetezi ila ulimi wake, aliamriwa kumpelekea kuku yule mtama kila asubuhi. Siku moja anainama kumwaga mtama, ukaya wake wa kichwani ukamkumba kuku. Pu! Kichwa na shingo huku, mwili kule.

Sultani akaja juu, na mabwana wale wa mji nyuma yake. "Umemuua kuku wangu! Shingo kwa shingo!"

"Bwana, lile si jiwe tu?"

"Jiwe? Waulize hawa!"

"Alikuwa hai," akasema Tajiri Badi, chura kifuani. "Juzi kanikodolea macho." Wenzake wakaapa.

"Hai kabisa, bwana?"

"Kama wewe," akasema Sultani. "Kwa sasa."

"Haya, nimekubali. Niacheni niwapikie cha mchana, msishinde na njaa kwa ajili yangu. Kisha nikatwe."

Mchana akaleta sinia la wali na bakuli la mchuzi. Sultani akafunua. Ndani ya tui zito, kuku wa akiki anang'aa!

"Nini hiki?"

"Kuku wako, bwana. Nilimwona anakata roho, nikawahi kumchinja kwa bismillahi, nisije nikawalisha kibudu. Mgumu kidogo, si unajua kuku wa kienyeji. Kichwa na shingo ni vyako, Bwana Badi."

Badi akashika shavu. Ndani mlikuwa na jino lake la mwisho.

"Kuleni basi!" akasema Bi Sharwa. "Au mliapa uongo?"

Wote wakamtazama Sultani. Naye, kwa kuona haya, akatia kidari kinywani, akang'ata. Kah!

"We mwanamke!" akapiga kelele, mkono mdomoni. "Nani awezaye kutafuna jiwe?"

"Yuleyule awezaye kuliua, bwana."