Ng'ombe wa Miguu Mitatu

Paukwa!
Pakawa!
Paukwa na mkaa mkononi!
Pakawa na ukuta mbele!

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji ambako mama akifa, bintiye humchora ng'ombe wa mama huyo ukutani, kando ya mlango. Siku ya kuondoa matanga wanaukoo huja kutazama. Wakimtambua ng'ombe, nyumba ni ya binti. Wasipomtambua, nyumba huchukuliwa na ukoo.

Basi Kabula alifiwa na mama. Mama alimwachia nyumba, ng'ombe aliyeitwa Mabaka, na kigoda cha kukamulia. Kuchora hakumwachia.

Akashika mkaa. Kwaru, kwaru, kwaru. Miguu minne, pembe mbili, mkia. Baba yake mdogo, Masanja, akapita.

"Hicho ni kitanda au ni meza?" akauliza. "Haidhuru. Ukoo ukiichukua nyumba hii, mbuzi wangu watalala vizuri humu."

Kabula akamkimbilia Bibi Kalunde, kikongwe aliyewafundisha mabinti wa kijiji kuchora. Bibi akaja na chungu kilichojaa udongo wa kukandika ukuta.

"Umechora nini, mjukuu wangu?"

"Ng'ombe, bibi."

"Ng'ombe gani?"

"Ng'ombe tu."

Pwaa! Udongo ukaifunika picha.

"Keti kwenye kigoda cha mama yako, pale pale alipokuwa akikiweka. Mtazame Mabaka. Usichore ng'ombe. Chora hewa iliyo kati ya miguu yake."

Kabula akaduwaa. Hewa ina umbo gani? Hewa inashikwa wapi? Akachora hivyo hivyo. Kwaru, kwaru. Ukuta aliutazama sana, ng'ombe kidogo. Bibi akarudi.

"Huyu umemtoa kichwani." Pwaa!

"Lakini bibi, ng'ombe si ana miguu minne? Nimekosea wapi?"

"Minne unaijua. Je, unaiona?"

Kabula akamtazama Mabaka. Alijua minne, akaona mitatu. Alijua pembe mbili, akaona moja na kipande. Yupi anadanganya, jicho au kichwa? Hakujua. Asubuhi kwaru, jioni pwaa! Asubuhi kwaru, jioni pwaa! Mpaka mkono ukachoka kujua, ukaanza kulifuata jicho.

Jioni moja Bibi alikuja, akatazama, akarudi na udongo wake chunguni.

Siku ya kuondoa matanga ikafika. Wanaukoo wakajaa uani.

"Miguu mitatu," akasema Masanja. "Wa nne kaazima fisi?"

Watu wakacheka. Kabula akainamisha kichwa.

"Masanja," akaita Bibi Kalunde, "keti pale kigodani."

"Mimi? Kigoda cha kukamulia?"

"Keti, baba."

Akaketi. Akamtazama Mabaka. Akautazama ukuta. Akahesabu miguu kwa kidole, akahesabu tena. Kicheko kikamkauka.

"Hapa ndipo alipokuwa akikaa shemeji," akasema polepole. "Ndivyo alivyomwona ng'ombe wake kila kulipokucha."

Akainuka, akaenda kuwajengea mbuzi wake banda.

Watu walipotawanyika, Kabula akauliza, "Bibi, mguu wa nne uko wapi basi?"

"Upo. Ng'ombe anausimamia. Wewe usiutafute."

Kabula hakuelewa sawasawa, hata alipozeeka. Lakini mabinti aliwafundisha vivyo hivyo, na chungu cha udongo mkononi.

Nanyi mnaoanza kuchora, liaminini jicho kabla ya kichwa, wala msiulilie mchoro uliofutwa. Mkaa wangu umekwisha, na hadithi yangu imeishia hapo.