Vitunguu vya Mzee Sekiete

Pampu ya Mzee Sekiete ilibugia dizeli kama mlevi, na maji yake yakafurika hadi shambani kwa jirani yake, mjane Nakijwa. Siku mjane alipovuna vitunguu vyake, tajiri Sekiete alimjia na mashahidi.

"Kilichonyweshwa na maji yangu ni changu," alisema.

"Chote, mzee? Hutageuza kauli mbele ya hawa?"

"Mimi si mwanamke."

Nakijwa alimcheka kimoyomoyo, akawapeleka upande wa bondeni, ambako vitunguu vilikuwa vimeoza na kunuka.

"Maji yako yaliishia hapa, mzee. Beba. Vile vizima kule juu nilivinywesha kwa chupa nilizotoboa, tone kwa tone, maji ya kisimani kwangu."

Mashahidi ndio waliomtwika gunia la kwanza.