Mkuo wa Kwanza wa Kilima cha Kasonta

Hapo zamani, kabla barabara hazijafika nchi ya shaba, fundi Kyungu aliona mawe ya kijani yenye shaba kwenye Kilima cha Kasonta, na tangu siku hiyo akakosa raha. Shaba aliiona. Cha kuwalisha wachimbaji hakuwa nacho. Shimo jipya hula kiangazi kizima kabla ya kutema chochote, na mchimbaji hali mawe.

Akaenda kwa Mama Mwadi, mjane mwenye maghala. Mwadi akamkopesha vikapu arobaini vya mtama, arudishiwe hamsini kabla ya mvua; la sivyo, achukue mivukuto ya kupulizia moto wa tanuri. Kyungu akakubali. Mtama ukaliwa, shimo likafika kiunoni.

Akaenda kwa Lwamba, mchuuzi wa chumvi. Lwamba akatoa mizigo sita, akanunua shaba ingali ardhini, kwa bei ya kutupa. Sharti lake: itakayotoka kwanza ni yake. Kyungu akakubali. Chumvi ikabadilishwa kwa mihogo, mihogo ikaliwa, shimo likapita kimo cha mtu.

Akaenda kwa Kisimba, mchimbaji asiye na ghala wala chumvi. Kisimba akaja na ndugu zake wanne, wachimbe bila ujira, wapate theluthi ya kila kitakachotoka. Kyungu akakubali. Hakumdanganya mtu, alidhani shaba itawatosha wote. Msiniulize kwa nini hakuwaambia habari za wenzao. Hakuna aliyemuuliza.

Shimo likaporomoka, likamfukia Ngoie, mdogo wake Kisimba. Siku ya tatu baada ya mazishi, mawingu yakajaa, mapema kuliko miaka yote. Kyungu akawasha tanuri mbiombio kwa mawe machache yaliyokwisha kutolewa. Ukatoka mkuo mmoja, kipande kizima cha shaba iliyoyeyushwa. Mmoja tu. Mvua ikashuka, shimo likajaa maji hadi kiangazi kingine.

Na desturi ya wafua shaba ni hii: mkuo wa kwanza wa shimo jipya haukatwi. Huwekwa kwenye jamvi la mtu mmoja, ukawa wake peke yake. Ukikatwa, hakuna fundi atakayekanyaga tena kilima hicho.

Wadai wote watatu wakaja, majamvi matatu yakatandikwa chini ya kibanda cha tanuri.

“Fundi, unautazama mkuo kama bwana harusi amtazamavyo bibi harusi,” Lwamba akatania. “Ulete tu, mahari nilishalipa.”

Mama Mwadi hakucheka. “Mwanangu, mimi nilikupa chakula cha wanangu. Ghalani sasa wanacheza panya. Nilipe, au nibebe mivukuto leo, kiangazi kijacho upulize moto kwa mdomo.”

“Wewe mama usipolipwa utaondoka na mivukuto,” Lwamba akasema. “Mimi nitaondoka na nini? Na nikirudi mikono mitupu, hakuna mchuuzi atakayenunua tena shaba ya kilima hiki.”

Wote wakamgeukia Kisimba.

“Ninyi mlileta mtama na chumvi. Mimi nilimleta Ngoie.”

“Pole, baba,” Mwadi akasema taratibu. “Lakini ulitaka faida ya shimo. Hasara yake ulitaka abebe nani?”

Kisimba akamtazama Kyungu, si Mwadi. “Nikiondoka hapa bure, fundi, utachimba na nani?”

Kyungu akapiga hesabu. Bila mivukuto hakuna moto. Bila wachuuzi hakuna soko. Bila wachimbaji hakuna shimo. Akaunyanyua mkuo kwa koleo, matone ya mvua yaliyovuja paani yakidondokea shaba.

Haya, ninyi mnaojua sana: Kyungu auweke kwenye jamvi la nani?