Chini ya Tela la Babu Mwakatobe

Maji ya chini hayapigi hodi. Nimemwambia hivyo jirani yetu Gwakisa, anayefunga makufuli mlangoni mwa ghala huku panya wakichimba sakafu, nanyi mkacheka. Sasa mnataka kujua nimeitoa wapi. Sogeeni basi. Methali hii ilianzia kwetu Tukuyu, na ilianza hivi.

Babu yangu Mwakatobe alikuwa fundi wa paa. Tukuyu mvua haipiti, inahamia, kwa hiyo fundi wa paa huheshimiwa kama mganga. Mkewe, Bibi Sekela, alikuwa na mgongo mbovu, hawezi kukaa kitako hata kumaliza ugali. Binti yao Tuntufye alipojifungua mtoto wa kwanza kule Chunya, Bibi alilia. Safari ya basi asingeiweza.

"Nitakupeleka umelala," Babu akasema.

Akajenga kijumba juu ya tela, chenye kitanda na pazia la maua. Juu akapiga bati jipya, kila tundu la msumari akaliziba kwa lami. Alimpenda yule mwanamke, asikwambieni mtu.

"Baba Tuntufye, na chini umepaka nini?" Bibi akauliza.

"Chini? Tangu lini mvua ikanyesha kwenda juu?"

Wakaondoka, gari lake kuukuu likivuta tela. Mvua ikawakuta njiani. Babu akawa anaimba kwenye usukani, maana bati lake alilijua. Kumbe magurudumu yalikuwa yakirusha maji ya madimbwi chini ya sakafu, nayo yakipenya kwenye maungio ya mbao. Godoro la sufi likanywa likashiba. Babu aliposimama kumpelekea mkewe chai, alimkuta amelowa mgongo mzima, anatetemeka, khanga za mtoto amezikumbatia kifuani zisilowe.

Machozi yakamtoka Babu. "Turudi nyumbani, Mama Tuntufye. Nimekuumiza."

"Turudi wapi, na mjukuu ananisubiri? Maisha yako yote umelinda juu, mume wangu. Maji ya chini hayapigi hodi. Lete lami."

Wenyeji wa kijiji cha jirani wakawapokea, wakaanika godoro kando ya moto. Sakafu ilipokauka, Babu akaingia chini ya tela, akalala chali, akashindilia katani yenye lami kwenye kila ungio, kisha akapaka sakafu yote kwa chini. Lami ikamdondokea ndevuni. Bibi, amelala ubavu kwenye jamvi, alimwonyesha kwa fimbo: "Hapo umeruka! Na pale!"

Walifika Chunya godoro likiwa kavu kabisa. Babu akavaa suruali yake nyeupe, akampakata mjukuu, akaanza kumsifia mkwewe sakafu ile: haipitishi hata tone. Ghafla akamwinua mtoto. Akatazama mapaja yake.

Bibi alicheka hadi akasahau mgongo. "Baba Tuntufye, na hapo umepaka nini?"

Mtoto mwenyewe, wajukuu zangu, nilikuwa mimi. Kwa hiyo nikisema maji ya chini hayapigi hodi, najua ninachosema.