Mnana Aliyebomoa Kiota Chake

Mnana akikataliwa hasusi, husuka.

Bibi Mwanamvua alimwambia maneno hayo mwanawe Pazi, ambaye posa yake ilikuwa imerudishwa. Wajukuu waliokuwa wakichambua mchele wakauliza methali hiyo imetoka wapi. Bibi akaweka ungo chini, akawaeleza chanzo chake.

Katika bonde la Kimbiri aliishi kijana mmoja, Shomvi. Ngomani hakuwa na mpinzani, kwa sauti, kwa kucheza, hata kwa mavazi. Alimpenda Siwema, mfinyanzi wa vyungu, akapeleka posa bila wasiwasi wowote. Siwema alikuja na shangazi yake kuitazama nyumba. Alipoegemeza mkono ukutani, udongo ukaporomoka.

"Kaka Shomvi," alisema kwa upole, "ukiimba nasahau hata njaa. Lakini masika yakija, wimbo utanisitiri?"

Akaenda zake.

Shomvi akawa hali, halali. Kutwa alishinda mtoni, akiitazama njia ya kwa kina Siwema. Hapo mateteni minana walikuwa wakijenga. Dume mmoja, manjano kama embe bivu, aliimba juu ya kiota kilichokwisha kukauka. Majike walipita tu. Jirani yake, aliyefifia rangi, alikuwa na kiota chake. Jike akaja, akaingia kwa huyo jirani, akavuta unyasi kwa mdomo, ukachomoka. Akaruka.

"Pole, ndugu yangu," Shomvi alinong'ona. "Sasa utakwenda wapi?"

Yule aliyefifia rangi hakwenda popote. Alikifumua kiota chake unyasi mmoja mmoja mpaka kikaanguka majini. Kabla jua halijafika utosini, alikuwa amerudi na ukoka mbichi mdomoni. Siku ya nne jike akaja tena, akavuta, akavuta sana. Hakutoka.

Shomvi alirudi nyumbani, akaibomoa nyumba yake.

Alikata miti migumu msituni, akakanda udongo mpaka miguu ikapasuka. Kila aliposikia wanawake wakipita na vyungu, moyo ulimruka. Akiinua uso, si yeye. Siku moja akaambiwa mchuuzi wa chumvi naye amepeleka posa kwa kina Siwema. Jioni ile fito zilimtoka mikononi, akakaa chini akalia. Asubuhi akaendelea kufunga fito.

Mvua za kwanza zilipoanza kunyesha, Siwema na shangazi yake walikuja tena kuitazama nyumba, wameloa. Waliingia ndani. Siwema akautikisa mwimo wa mlango, akasikiliza paa. Hapakudondoka hata tone.

"Na kile kibanda cha nje?" aliuliza.

"Cha kuanikia vyungu vyako. Upepo unapita, mvua haifiki."

"Ulijuaje kama nitakuja?"

"Sikujua," Shomvi alijibu. Sauti yake, iliyotikisa ngoma zote za bondeni, ilikuwa haisikiki vizuri. "Nilikuwa nakungoja tu, na mikono haiwezi kungoja bure."

Siwema akamgeukia shangazi yake. "Shangazi, mwambie baba arudishe posa ya chumvi."

Siku ya harusi vijana walimzunguka Shomvi, wakitaka kujua alimpata kwa dawa gani. Yeye akawaonyesha matete ya mtoni, akawaambia lile ambalo watu wa Kimbiri wanaambizana mpaka leo: mnana akikataliwa hasusi, husuka.