Sauti ya Mama Nyuma ya Kufuli

Waliosema mtaka yote hukosa yote hawakuwahi kushika simu janja, ila tabia za sisi tunaozishika walizijua fika. Asiyeridhika na sehemu aliyonayo, akaitolea macho na iliyobaki, hurudi nyumbani mikono mitupu. Yalimfika hayo mwalimu mmoja wa hesabu ambaye rafiki zake walimbandika jina la Msafi.

Jina hilo hakulipata kwa kuoga. Tangu ujana, yeye na wenzake walipojifungia chumbani mwake wikendi nzima, kitanda kimejaa nyaya na simu zikizimika na kufufuka mikononi mwao, alipenda programu huria tu, zile ambazo kila ajuaye anaruhusiwa kuzichungulia na kuzirekebisha. Zilizofungwa na makampuni aliziita uchafu. Ee, siku zile zilikuwa tamu! Mama yake alikuwa akigonga mlango na kusema, "Nyie mafundi wa kuharibu, njooni mle." Nao walitoka wakisukumana.

Miaka ikayoyoma, wenzake wakatawanyika, mama naye akatangulia mbele ya haki. Kilichobaki ni sauti yake. Msafi alikuwa amemrekodi akisimulia utoto wake yeye na dada yake, na kuimba wimbo aliokuwa akiwabembelezea. Alitumia kinasa sauti cha kampuni iliyounda simu, kwa kuwa hakuna kingine kilichoweza kuinasa vizuri sauti ile hafifu ya mgonjwa. Basi simu yake iliishi kwa mapatano: juu programu zake huria, chini mfumo wa kampuni. Ilifanya kazi bila hitilafu, lakini moyo wa Msafi haukutulia.

Jumamosi moja dada yake mdogo alimpigia.

"Kaka, kesho nakuja na mwanangu. Amepewa jina la bibi yake na hajawahi hata kumsikia. Umwekee ule wimbo."

"Njooni tu. Mtaikuta simu mpya. Leo naung'oa mfumo wa kampuni wote."

"Haya, umeanza! Si umeshaweka vyako? Kinakuwasha nini?"

"Nusu ya uhuru si uhuru."

"Na sauti za mama?"

"Nimezinakili kwenye kompyuta. Mimi si mgeni wa kazi hii."

"Umezisikiliza huko?"

"Nakala ni nakala, dada. Usinitie wasiwasi."

Akafungua kufuli la simu, lile ambalo kampuni huliweka ili mfumo wake usibadilishwe. Kama ilivyo kawaida ya makufuli hayo, kila kilichokuwamo kilifutika, na hilo alilitarajia. Akaweka mfumo huria mtupu, akautazama kwa furaha ya ujana wake. Kisha akarudisha nakala, akabonyeza ya kwanza. Kimya. Ya pili, kimya vilevile. Kinasa sauti kile kilizifunga sauti zote kwa ufunguo uliokaa ndani ya simu yenyewe, na ufunguo huo alikuwa ameufuta kwa mkono wake. Akaurudisha mfumo wa kampuni, lakini ulikuja na ufunguo mwingine usiofungua kitu. Akarudi tena kwenye ule mtupu, angalau abaki na uhuru wake, na huo nao, bila vipande vya programu vya kampuni, haukushika mtandao wala kupiga simu.

Kesho yake mtoto alifika na mama yake, na kabla Msafi hajaeleza lolote akaichukua simu na kuibana sikioni kwa mikono miwili. Akangoja.

"Mjomba, bibi hasemi."

Msafi akajaribu kumwimbia mwenyewe. Ubeti wa kwanza aliujua. Wa pili ukamponyoka, akaurudia wa kwanza. Dada yake hakumfokea, na heri angemfokea.

"Hiyo nusu uliyoiita uchafu, kaka," alisema taratibu, "ndimo alimokuwa mama."

Uhuru alioutafuta Msafi hakuupata, na mama aliyekuwa naye amempoteza mara ya pili. Hakika, mtaka yote hukosa yote.